Tuisheni ya Shangazi

Jumapili, 8 Juni

Daftari hili nimelirithi kwa mwanangu. Kurasa za mbele zina hesabu zake, za nyuma zilibaki tupu. Karatasi haitupwi. Nitaandika humu mambo ya wiki hii, maana moyo unanienda mbio na mume wangu kachoka kunisikiliza.

Leo roboti imehamia sebuleni kwangu. Cherehani yangu imefukuzwa hadi koridoni. Nimekubali bila kununa. Nimenuna kidogo.

Wajenzi ni watatu, wote wa darasa moja. Mwanangu ndiye nahodha. Yupo Mrefu, anayefika juu ya kabati bila kupanda kiti. Na yupo Kimya, anayesema maneno manne kwa siku, yote ya kuchoma. Roboti yenyewe ni beseni la kufulia lililopinduliwa, magurudumu manne, waya kama utumbo, na mkono wa chuma cha mwavuli. Wameipa jina Shangazi. Nikauliza kwa nini. Mrefu akasema kwa sababu inaingia kila mahali bila kuitwa. Wakacheka wote watatu huku wananitazama mimi. Sijui walikuwa wanatazama nini.

Mashindano ni Jumamosi. Shangazi atawekwa kwenye kona ya ubao, aende mwenyewe kuokota makopo matatu na kuyatia kwenye boksi. Dakika mbili, na hakuna kumgusa. Timu tatu za kwanza, watoto wake wanaitwa kwenye usaili wa shule ya ufundi. Ile yenye karakana! Mwanangu anaitaka shule ile tangu ana meno ya utoto. Mimi niliishia darasa la nne, nikakalishwa kwenye cherehani, mpaka leo sijainuka. Yeye hatakalishwa. Nimeapa.

Mume wangu ni mlinzi wa ghala la unga, analala mchana. Amefungua jicho moja akaniambia kuwasaidia watoto ni kupeleka chai na kuondoka. Nimepeleka chai. Kuondoka bado nafikiria.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemtazama Shangazi asubuhi nzima. Yuko uchi! Waya nje, misumari nje. Ataendaje mbele za watu namna ile? Watasema hana mama.

Watoto wako shule. Nimechukua futi, nikapima. Kiuno inchi arobaini na mbili. Nimemshonea gauni la buluu, lina bitana, kola na mfuko mmoja. Pindo nimelitia kwa mkono, mishono midogo midogo. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi, hata bibi harusi wa mtaa wa pili hakukipata.

Saa kumi wamerudi. Mwanangu akasimama mlangoni kama aliyeona mwizi. Kabla sijaeleza, Mrefu alishabonyeza kitufe. Shangazi akaenda hatua mbili, pindo likaingia kwenye gurudumu, akaanza kuzunguka palepale kama anayetafuta hereni. Moshi! Mwanangu akapiga kelele kwamba mota inaungua. Mimi nikammwagia chai.

Imekuwa kosa. Kumbe chai ni mbaya kuliko moshi.

Wamekausha waya kwa taulo mpaka giza likaanza kuingia. Kimya akanirudishia gauni likiwa limekunjwa vizuri. Akasema: “Mama, mashine haioni aibu.” Maneno manne. Kayamaliza yote kwangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mama Pacha kuazima chekecheo. Sina haja ya chekecheo. Nina mbili.

Mapacha wake wako shule moja na mwanangu, timu nyingine. Nilitaka nione roboti yao tu, kwa macho, basi. Mungu wangu! Inang'aa. Magurudumu sita. Ina taa. Baba yao, fundi redio, alikuwa amelala kifudifudi chini yake na bisibisi mdomoni. Mapacha wenyewe walikuwa wagonjwa nyumbani, eti homa. Homa gani ya kutazama katuni na kula biskuti?

Mama Pacha akaniuliza kama bado tunahangaika na lile beseni. Akasema pole shoga, hata kushiriki ni jambo jema. Akasema yao inajua kuhesabu.

Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Lakini ulimi! Nikamwambia kwamba yetu inajua adabu. Akauliza adabu gani. Nikamwambia inasalimia wakubwa. Inainama kabisa. Hiyo ya kwako inasalimia?

Baba Pacha akachungulia kutoka chini.

Nikatembea kama malkia mpaka kwenye kona. Hapo nikakumbuka. Shangazi hajui salamu yoyote. Hajui hata kulia na kushoto vizuri. Na Jumamosi Mama Pacha atakuwa ukumbini na macho yake yote mawili.

Jioni, wakati wa chai, nimemwuliza Mrefu, kwa upole, vile watu wanavyouliza habari za mgonjwa, roboti inafundishwaje. Mdomo umejaa mkate, akaeleza yote. Kumbe rahisi! Unabonyeza kitufe chekundu. Unaisukuma kwa mkono njia unayotaka ipite, na mkono wake unauinua na kuushusha upendavyo. Unabonyeza chekundu tena. Imeshakariri. Ukibonyeza kijani inarudia yenyewe.

Usingizi sijui kama utakuja. Nimepata wazo.

Jumatano, 11 Juni

Tuisheni imeanza.

Mtoto gani siku hizi anafaulu bila tuisheni? Watoto wa matajiri wanasoma asubuhi, mchana na jioni. Shangazi anafundishwa saa moja tu, jioni. Nikaona hapo ndipo tunapoachwa. Kuanzia saa nne, watoto wako shule, mume amelala kwenye kiti cha sebuleni, nimefunga mlango nikafundisha.

Somo la kwanza: salamu. Kitufe chekundu. Kutoka kwenye zulia la mlangoni, mbele moja kwa moja hadi kwa mkubwa. Simama. Shusha mkono mara tatu, taratibu. Kisha rudi kinyumenyume, maana mkubwa hapewi mgongo. Chekundu tena.

Nikabonyeza kijani. Akaenda! Peke yake! Akafika miguuni kwa mume wangu, akasimama, akainama mara tatu. Machozi yakanitoka. Nilimsomesha mimi. Mimi wa darasa la nne!

Mume wangu akaitikia “Marahaba” bila kufumbua macho. Halafu akafumbua. Akatazama beseni. Akanitazama mimi. Akasema amefanya kazi ya ulinzi miaka kumi na tisa, wezi amewaona, majoka ameyaona, lakini hajawahi kusalimiwa na chombo cha kufulia. Akaniambia acha, mke wangu, acha kabla hujaharibu.

Nikamwambia elimu haiharibu mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Matatizo. Jana jioni watoto walipowasha, Shangazi badala ya kufuata makopo alikwenda kuinamia kabati la vyombo. Mrefu akasema ni waya uliolegea. Wakafungua beseni, wakakaza kila kitu, wakamfundisha upya makopo kuanzia mwanzo. Mimi nilikuwa nakata kitambaa koridoni, sikuinua kichwa. Nilikata mkono wa shati la mteja ukawa mfupi.

Leo asubuhi nikabonyeza kijani nione kama salamu imebaki. Haikubaki! Makopo tu. Somo langu lote limefutika.

Jioni nikamwuliza Kimya, kama utani tu, kwani hii mashine kichwa chake kikoje. Akasema: “Inakumbuka somo la mwisho tu.”

Maneno matano! Kavuka kiwango chake. Lazima jambo ni zito.

Nimelala kitandani nikalitafakari. Nimelielewa. Shangazi ana kichwa kizito. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Mwalimu akinipa la leo, la jana linatoka. Bibi yangu ndiye aliyegundua dawa: kurudia. Mara kumi, mara ishirini, mpaka lipate kona yake ndani na lisitoke tena. Makopo wamerudia mara nyingi, hayo hayawezi kutoka. Salamu nilifundisha mara moja tu. Kosa ni la mwalimu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya mwisho. Shule imewaachia mapema. Wamemfundisha makopo mara ya mwisho, akaokota yote matatu kwa dakika moja na nusu. Wamerukaruka mpaka kioo cha ukutani kimekaa upande. Mwanangu ameng'aa uso, sijamwona hivyo tangu alipojua kuendesha baiskeli. Amesema: “Mama, tukiipata hii shule, nitajua kutengeneza hata cherehani yako.” Nikaenda jikoni nikajidai nakata kitunguu.

Kisha wakaitwa na mwalimu wao kwenda kusomewa kanuni. Mwanangu akanishika mabega. Sijui amehisi nini. Akasema niape kwamba sitamgusa Shangazi kwa mikono yangu. Nikaapa. Mbele ya baba yake nikaapa.

Wakaondoka saa tisa.

Saa tisa na robo nilikuwa bado nimekaa, nimebana mikono kwapani. Nikamfikiria Mama Pacha. Nikafikiria ukumbi mzima. Nikafikiria waamuzi, watu wakubwa, wanaofikiwa na kitu kisichojua hata kusema hujambo. Je, watampa maksi?

Mimi kiapo nakiheshimu. Nimechukua rula yangu ya kukatia, ile ndefu ya mbao. Kitufe nimekibonyeza kwa rula. Nimemsukuma kwa rula. Mkono wa mwavuli nimeuinua na kuushusha kwa rula. Mara kumi na tano! Jasho limenitoka kama nafua mablanketi. Mikono yangu haikumgusa hata mara moja. Mungu ni shahidi, na paka wa jirani aliyekuwa dirishani.

Sasa ana masomo mawili: makopo na adabu. Hakuna mtoto mwingine atakayekwenda kesho amekamilika namna hii.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Ukumbi wa chuo. Timu kumi na moja. Ubao mweupe sakafuni, mpana kama kitanda cha watu wawili. Pembeni meza ya waamuzi, kitambaa cheupe, jagi la maji, karatasi. Mwamuzi mkuu ni mama mwenye miwani ya kamba, uso umekazwa kama uzi wa nailoni. Kila timu raundi mbili, inahesabiwa iliyo bora. Akasoma na kanuni moja: timu isiyoweza kueleza roboti yake inatolewa.

Mama Pacha alikaa nyuma yangu makusudi. Mume wangu pembeni yangu, katoka kazini moja kwa moja, anasinzia na kofia ya ulinzi kichwani.

Timu yetu ikaitwa. Mwanangu akamweka Shangazi kwenye kona. Kijani.

Akaenda mbele. Nikasema sasa atageukia makopo. Hakugeuka. Akayapita kama mtu anayempita mdai wake njiani. Akatoka nje ya ubao! Moja kwa moja hadi meza ya waamuzi. Akasimama. Akainama mara moja. Mara mbili. Kwa ile ya tatu chuma cha mwavuli kikanasa kwenye kitambaa cha meza. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, kwa heshima, kama nilivyomfundisha, na kitambaa nacho, na jagi, na karatasi, na pochi ya mwamuzi mkuu.

Maji mpaka kwenye viatu vyake.

Mama Pacha akaninong'oneza sikioni: “Shoga, hukusema uongo. Anasalimia.”

Sifuri. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mwamuzi mkuu akakung'uta kiatu, akamwuliza nahodha kimetokea nini. Eleza roboti yako. Mrefu akamgeukia mwanangu, akamwuliza wewe ndiye uliyeibeba asubuhi, umegusa nini? Mwanangu akatupa jicho kwangu, mara moja tu, haraka, akalirudisha chini.

Alijua! Alishajua! Na hakusema. Mdomo wa chini ulikuwa unamtetemeka, na mimi mdomo ule naufahamu tangu ana siku tatu. Mwamuzi akamwambia kwa mara ya mwisho, aeleze, au timu itoke. Mtoto wa miaka kumi na minne anaacha shule yake iende ili asimwaibishe mama yake mbele za watu.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Nikasema ni mimi. Nimempa tuisheni. Kuanzia Jumatano, na jana mara kumi na tano. Watoto hawana kosa, walishamfundisha vizuri, mimi ndiye niliyemfundisha salamu juu yake kwa sababu nilimdanganya huyu mama hapa nyuma. Mama Pacha akajidai anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwamuzi akaniuliza kama niliigusa kwa mikono. Nikamwambia hapana mheshimiwa, kwa rula. Akasema mkono wa mtu mzima ni pointi kumi zinakatwa. Nikaanza kumweleza tofauti ya mkono na rula. Mume wangu akanivuta sketi nikakaa kwa kishindo.

Mwanangu akainua uso. Akaeleza kwa sauti iliyonyooka: roboti inakariri somo moja, la mwisho, tumeijua hitilafu, tunaomba kuifundisha upya kabla ya raundi ya pili. Wakapewa dakika nne. Mrefu alishika mkono wa Shangazi, Kimya alipanga makopo, mwanangu alisukuma. Mimi nilikalia mikono yangu yote miwili.

Kijani. Kopo la kwanza. La pili. La tatu likayumba ukingoni mwa boksi, likaanguka ndani. Sabini na nane! Toa kumi zangu. Sitini na nane.

Timu ya tatu walikuwa mapacha. Sabini na moja.

Sisi wa nne.

Sikumtazama mwanangu. Bila kumi zangu tungekuwa wa pili. Nilihesabu mara tatu, hesabu ile sikuikosa.

Lakini waamuzi walikuwa hawajamaliza. Wakaziita timu tatu za juu kuhojiwa. Pacha wa kwanza akaulizwa ni waya upi unaogeuza gurudumu. Akatazama dari. Baba Pacha akajibu kutoka mstari wa tano. Pacha wa pili akaulizwa kwa nini magurudumu ni sita. Baba Pacha akajibu. Mwamuzi akasema nawauliza watoto. Baba Pacha akasema naam, endelea kuuliza tu, najua yote.

Wakatolewa.

Tatu bora! Nilipiga kigelegele mpaka mume wangu akaamka akiita “Mwizi!”

Jumapili, 15 Juni

Mwanangu amekuja koridoni akaketi kwenye gunia la vipande. Nikajua ninasomewa hukumu. Hakupandisha sauti. Amesema alimtambua mwalimu tangu Shangazi alipoinama mara ya kwanza, maana ndivyo ninavyoinama mimi nikipokea wateja. Amesema aliogopa sana pale mbele. Si kwa ajili ya roboti. Aliogopa kwamba nitakaa kimya.

Nikalia. Naye akalia. Kisha akaniomba jambo moja: usaili ni Alhamisi saa tatu, ataingia peke yake, mimi nibaki nyumbani, nisimsaidie mpaka atakapoomba msaada mwenyewe. Nimekubali kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 16 Juni

Siku nzima nimekuwa nawafikiria Baba na Mama Pacha. Wazazi gani wale? Unamjibia mtoto maswali mbele za watu! Mtoto atajifunza lini? Mtaa huu umejaa watu wasiojua kuwaachia watoto kazi yao. Nimemwambia mume wangu hivyo. Amevuta kofia kufunika uso.

Mchana nimepita shule ya ufundi. Nilikuwa napita tu. Ni vituo vitatu vya basi kutoka hapa, lakini nilikuwa napita. Mlinzi wa getini anamfahamu mume wangu, akaniruhusu nichungulie. Karakana ni safi! Na chumba cha usaili nimekiona. Madirisha manne makubwa, hayana pazia hata moja. Jua lote machoni mwa watoto. Watafikirije vizuri na jua machoni?

Nimemwona katibu wa shule. Nimemwambia mapazia nitawashonea, vitambaa walete wao, mkono wangu ni zawadi. Amefurahi mno. Akauliza nitakuja kupima siku gani.

Nimesema Alhamisi, saa tatu.

Sitaingia kwenye mambo ya mwanangu, nimekubali na nimeahidi. Nitakuwa juu ya ngazi, upande wa nje, napima dirisha langu kama fundi yeyote. Nitapima taratibu. Swali likimshinda nitakohoa. Kikohozi kimoja ndiyo, viwili hapana. Kinachonitatiza ni maswali yanayotaka maelezo. Nimeanza kufanya mazoezi.